Ndege ya Masafa, Abiria Wachache: Pwani Isubiri Nini?

Mwenye kusimama juu ya mchanga wa Ras Kitau, ile ncha ya kisiwa cha Manda inayotazamana na Shela, huona kwa mtazamo mmoja historia mbili za usafiri. Mbele yake upo mlango wa bahari ambao majahazi yameupita kwa karne nyingi yakiingia bandari ya Lamu, kaskazi yakitoka Arabuni na Bara Hindi, kusi yakirejea makwao. Kwa mbali angani hupita ndege za pangaboi zinazoteremka katika uwanja wa Manda, nazo zote, isipokuwa chache, zimetoka Nairobi. Wageni wanaoshuka humo huvuka kwa mashua hadi Lamu mjini au Shela. Aghalabu mgeni huyo amesafiri usiku kucha kutoka Ulaya au Ghuba, akapita juu ya pwani hii hii ama karibu nayo, akashushwa barani zaidi ya kilomita 400 kutoka baharini, kisha akapandishwa ndege nyingine imrudishe alikopita.

Nilikuwa hapo likizo iliyopita pamoja na wanafunzi wangu, tukikusanya msamiati wa vyombo vya baharini. Mzee mmoja nahodha, ambaye kwa subira kubwa alikuwa akitueleza tofauti ya foromali na mtwana, aliinua uso ndege ilipopita. Nilimwuliza: "Ami, kwa nini majahazi makubwa hayakuwa yakiingia kila bandari?" Akacheka. "Mwalimu," alisema, "kina cha maji ni sababu moja tu. Bandari ndogo haina shehena ya kukijaza chombo kikubwa. Nahodha atakaa mwezi mzima akingoja mzigo, na mabaharia wanakula." Sikuwa nimemwuliza habari za ndege, lakini alikuwa amenipa jibu la swali ambalo wachumi wa mashirika ya ndege wamelihangaikia kwa miaka hamsini.

Swali lenyewe ni hili. Kuna miji ambayo watu wake wanataka kusafiri mbali, lakini si wengi kiasi cha kujaza ndege kubwa kila siku. Je, wafikiwe vipi? Jibu la zamani lilikuwa kuwakusanya wote katika kitovu kimoja, Nairobi kwa mfano, na kuwapakia humo katika ndege kubwa. Jibu jipya ni kuwapelekea ndege ndogo yenye uwezo wa kwenda mbali. Wanaozungumza Kiingereza huiita ndege hiyo kwa wembamba wa mwili wake. Wanafunzi wangu walipendekeza tuseme "ndege nyembamba", nami nikawapinga kidogo, kwa sababu abiria haoni wembamba wa ndege anapokuwa ndani yake. Anachokiona ni kijia kimoja katikati, viti vitatu kuumeni na vitatu kushotoni, na kigari cha chakula kikimzibia njia ya kwenda msalani. Basi katika makala haya nitasema ndege ya kijia kimoja, na zile kubwa nitaziita za vijia viwili. Msomaji aliye na neno bora na alitumie.

Ndege hizi si ngeni kwetu kama tunavyodhani. Shirika la East African Airways, lililoanzishwa mwaka 1946 na kuvunjika mwaka 1977, liliunganisha Afrika Mashariki na Ulaya kwa ndege za Comet 4 kuanzia 1960, na baadaye kwa Super VC10 kuanzia 1966. Zote zilikuwa za kijia kimoja. Kenya Airways nayo ilipozaliwa mwaka 1977 ilianza na Boeing 707 za kukodi, ambazo ni hivyo hivyo. Kilichokuja kubadilisha mambo ni Boeing 747, iliyoanza kubeba abiria Januari 1970. Kuanzia hapo ukubwa ukawa ndio alama ya umbali, hata watu wakaamini kwamba safari ya saa nane au tisa haiwezekani ila katika ndege yenye vijia viwili. Katika muda huo wote ndege ndogo, Boeing 737 na Airbus A320, zilifanywa kuwa watumishi wa safari fupi.

Mageuzi ya miaka ya karibuni yametokana na injini. Injini mpya hula mafuta machache zaidi kwa kila kiti, na watengenezaji wameitumia akiba hiyo kuongeza masafa. Airbus A321LR, iliyokabidhiwa mteja wake wa kwanza Novemba 2018, inatajwa kuwa na uwezo wa kwenda takriban kilomita 7,400. Jambo litakalowavutia wasomaji wa ukanda huu ni kwamba mojawapo ya safari za majaribio ya ndege hiyo ilifanyika katika bahari yetu: mwezi Machi 2018 iliruka kutoka Mahé, Ushelisheli, hadi Toulouse, Ufaransa, kwa muda wa karibu saa kumi na moja bila kutua. Mdogo wake, A321XLR, amewekewa tangi la ziada nyuma ya mwili, naye anatajwa kufikia kilomita 8,700. Iberia ya Uhispania ndiyo iliyoanza kumtumia, na tarehe 14 Novemba 2024 ikampeleka Boston kutoka Madrid. Aer Lingus ikafuata mwaka 2025 na safari za kutoka Dublin hadi Nashville na Indianapolis. Angalia majina hayo. Nashville na Indianapolis si New York. Ni miji ya kadiri, ambayo zamani abiria wake wangelazimika kubadilisha ndege mahali fulani.

Sasa pima umbali wetu. Kutoka Mombasa hadi Milan ni kilomita 6,300 hivi, hadi Frankfurt 6,700, hadi London 7,200. Masafa yanayotangazwa na kiwanda ni ya siku njema, bila upepo wa kinyume na bila mzigo wa kupita kiasi, kwa hiyo hapana budi kupunguza. Hata hivyo Milan imo ndani ya uwezo wa LR, na London imo ndani ya uwezo wa XLR. Tena Pwani ina faida ambayo Nairobi haina. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, bawa hupata nguvu kidogo ya kuinua, injini nayo hupumua kwa shida, na ndege iliyojaa mafuta ya safari ndefu hulazimika ama kutumia njia ndefu ya kurukia ama kuacha sehemu ya mzigo. VC10 ilibuniwa mahususi kwa ajili ya viwanja vya namna hiyo. Mombasa iko karibu na usawa wa bahari. Joto lake hupunguza faida hiyo kwa kiasi, lakini haliifuti. Ndege ndogo ya masafa, ambayo haina nguvu nyingi za akiba, ingeondoka Mombasa na abiria wengi zaidi kuliko Nairobi kwa safari ile ile.

Walioifahamu hesabu hii mapema ni majirani zetu wa kaskazini. Kwa miaka mingi Oman Air imeunganisha Muscat na Zanzibar pamoja na Dar es Salaam kwa Boeing 737. Flydubai ilianza safari za Dar es Salaam, Zanzibar na Kilimanjaro mwaka 2014, ikaongeza Mombasa Januari 2024, nayo haina ndege nyingine ila 737. Qatar Airways ilipofika Mombasa mwaka 2018 ilikuja na A320. Turkish Airlines imetumia ndege za kijia kimoja hadi Mombasa na Kilimanjaro, umbali wa zaidi ya kilomita 5,000 kutoka Istanbul. IndiGo ya India ilianza safari za Mumbai hadi Nairobi Agosti 2023 kwa ndege za aina hiyo hiyo. Ukichora mistari ya safari hizi kwenye ramani, utapata karibu ramani ile ile ya kaskazi na kusi.

Hapa naomba ruhusa niseme kama mtu wa isimu, si kama mtu wa hesabu. Watu hueleza safari za Muscat na Zanzibar kwa utalii na biashara. Maelezo hayo yana upungufu. Baada ya Mapinduzi ya 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, maelfu ya watu wenye asili ya Oman waliondoka pwani yetu wakaenda kuishi huko, na Kiswahili wakaenda nacho. Hadi leo ziko nyumba za Muscat ambamo bibi na wajukuu huzungumza Kiswahili jikoni. Watu hawa hawaonekani katika takwimu za watalii. Hawalali hotelini, bali hulala kwa shangazi. Husafiri kwa harusi, kwa maziko, kwa Idi, kwa kumpeleka kijana akawaone wazee wake. Idadi yao kwa siku moja haiwezi kujaza ndege ya viti 300, lakini yaweza kuchangia sehemu nzuri ya ndege ya viti 160 mara kadhaa kwa juma. Lugha na damu ndizo zinazoiweka njia hai, na ndege ndogo ndiyo inayoifanya njia hiyo ilipe.

Kenya ilijifunza somo la kinyume, tena kwa gharama kubwa. Kuanzia mwaka 2013 shirika letu la taifa lilipokea Boeing 777-300ER tatu, kila moja na viti takriban 400, kisha zikaja Boeing 787 za viti 234. Matumaini yalikuwa kwamba abiria wangejaa. Hawakujaa. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2015 hasara ilikuwa Sh25.7 bilioni, na mwaka uliofuata Sh26.2 bilioni. Ndege hizo si sababu pekee, maana kulikuwa na mikataba mibaya ya bei ya mafuta, maradhi ya Ebola Afrika Magharibi na mashambulizi ya kigaidi nchini. Lakini mwaka 2016 zile 777 zilikodishwa kwa Turkish Airlines, na 787 mbili zikakodishwa kwa Oman Air. Yaani mashirika yale yale yaliyokuwa yakituletea Pwani ndege za kijia kimoja ndiyo yaliyochukua ndege zetu kubwa, wakazitumie kwenye njia zao zenye abiria wa kutosha. Sijui kejeli iliyo kali zaidi ya hiyo katika historia ya uchukuzi wa nchi hii.

Wapo watakaouliza: ikiwa ndege hizi ni neema kiasi hicho, mbona kila njia haijazipokea? Yapo majibu, na si madogo. La kwanza ni shehena. Tumbo la ndege ya vijia viwili hubeba tani nyingi za maua, maharagwe mabichi na parachichi chini ya miguu ya abiria, na kilimo chetu cha kuuza nje kimejengwa juu ya nafasi hiyo. Ndege ya kijia kimoja ina tumbo dogo, na katika Boeing 737 mizigo hupakiwa kimoja kimoja kwa mikono. Ikisafiri masafa yake ya mwisho, uzito wote umekwisha kutwaliwa na mafuta na watu. Kwa hiyo mkulima wa Naivasha hana haja nayo, na Nairobi itaendelea kuhitaji ndege kubwa. Pwani haina maua. Ina samaki na kamba wa Lamu, ambao thamani yao kwa kilo ni kubwa na wingi wao ni mdogo, lakini mizigo ya namna hiyo yahitaji vyumba vya baridi uwanjani kabla ya kuhitaji ndege yoyote.

La pili ni usalama wa mashine zenyewe, na hapa hatuna haki ya kupita haraka. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines ET302, aina ya 737 MAX 8, ilianguka dakika chache baada ya kuondoka Addis Ababa ikija Nairobi. Watu wote 157 walikufa, na katika orodha ya mataifa Wakenya ndio waliokuwa wengi zaidi. Miezi mitano kabla, Oktoba 2018, ndege ya aina hiyo hiyo ya Lion Air ilikuwa imeanguka Indonesia na kuua watu 189. Chanzo kilikuwa tamaa ile ile ninayoisifu hapa ya kupata masafa zaidi na mafuta machache. Boeing walichukua ndege iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1967, wakaitundika injini kubwa mpya, na kwa kuwa injini hizo zililazimu kuwekwa mbele na juu zaidi ya zile za zamani, tabia ya ndege ikabadilika. Ili kuificha tofauti hiyo wakaweka mfumo wa kompyuta unaoinamisha pua ya ndege wenyewe, ukitegemea taarifa ya kipimo kimoja, na marubani hawakuelezwa ipasavyo. MAX ilizuiwa kuruka duniani kote. Ilirejea baada ya kurekebishwa, na Ethiopian ikaanza tena kuitumia Februari 2022. Air Tanzania ilipokea 737 MAX 9 yake ya kwanza Oktoba 2023. Hata injini zisizo na hatia ya namna hiyo zina udhaifu wake: Air Tanzania ililazimika kusimamisha baadhi ya ndege zake za A220 mwaka 2022 kwa matatizo ya injini, na mwaka 2023 kasoro iliyogunduliwa katika injini za kampuni hiyo hiyo ya Pratt & Whitney ikasimamisha mamia ya ndege ulimwenguni. Shirika lenye ndege nne likisimamisha mbili, ratiba yote huwa karatasi tupu.

La tatu ni raha. Saa nane katika kijia kimoja si sawa na saa nane katika vijia viwili, na sisi tuliozoea matatu tusijidanganye kwamba tutazivumilia bila kunung'unika. Lakini abiria akipewa kuchagua kati ya saa nane moja kwa moja na saa kumi na nne pamoja na kungoja Nairobi alfajiri, nafikiri atachagua magoti yaumie.

Kuna hoja moja ambayo mara chache huitwa hoja ya ndege, nayo ni hofu. Watu wa Manda hawajasahau Oktoba 1, 2011, usiku ambao mwanamke mmoja Mfaransa alitekwa nyumbani kwake katika kisiwa hiki, akavushwa hadi Somalia na kufia mikononi mwa watekaji. Majuma kadhaa kabla, Mwingereza mmoja alikuwa ameuawa na mkewe kutekwa Kiwayu. Juni 2014 wakaja wauaji wa Mpeketoni, na watu zaidi ya 60 wakafa. Mwezi uliotangulia, Mei 2014, serikali ya Uingereza ilikuwa imewaonya raia wake dhidi ya Mombasa, na kampuni za utalii zikawarudisha makwao mamia ya watalii kwa mara moja na kufuta safari za miezi iliyofuata. Zile zilikuwa safari za kukodi, ndege kubwa zilizojazwa na watalii tupu. Onyo moja la ubalozi likitoka, ndege nzima hukosa kazi. Njia inayobeba mchanganyiko wa watalii, wafanyabiashara, wanafunzi na jamaa hutikisika pia, lakini haifi mara moja, kwa sababu shangazi hasomi maonyo ya ubalozi. Na viti vikiwa 160 badala ya 300, shirika laweza kuvumilia msimu mbaya. Nadhani hii ndiyo faida kubwa ya ndege ndogo kwa pwani kama yetu, kubwa kuliko masafa yenyewe.

Kinachotuzuia basi si mashine peke yake. Tangu Mkataba wa Chicago wa 1944, haki ya kutua katika nchi ya watu hutolewa na serikali kwa serikali, na Kenya, kama nchi nyingi, imetumia haki hiyo kulilinda shirika lake na kitovu chake. Wenye hoteli wa Pwani wamelalamika kwa miaka mingi kwamba mashirika ya kigeni hunyimwa nafasi Mombasa, au hupewa kwa kibaba. Nairobi hujibu kwamba kila abiria anayeshuka Mombasa moja kwa moja ni abiria aliyepotea katika kitovu. Jibu hilo lilikuwa na mantiki wakati wa ndege kubwa, maana kugawanya abiria wachache kati ya viwanja viwili kungeviua vyote viwili. Kwa ndege ndogo mantiki hiyo imedhoofika. Abiria wa Muscat au Milan aendaye pwani hakuwa lazima angepitia Nairobi. Huenda angechagua Zanzibar, na wengi ndivyo walivyofanya. Tena Kenya imeweka sahihi katika Azimio la Yamoussoukro la 1999 na katika Soko Moja la Usafiri wa Anga la Afrika lililozinduliwa Januari 2018, maafikiano yanayotaka milango ifunguliwe kwa mashirika ya Kiafrika. Ni vigumu kumwambia Mwethiopia karibu, kisha kumfungia Mombasa.

Nimesema Mombasa, sikusema Lamu, na jambo hilo halikuwafurahisha baadhi ya wenyeji niliozungumza nao. Mpango wa LAPSSET, ambao gati yake ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021, una ndani yake ahadi ya uwanja wa ndege wa kimataifa Lamu. Ahadi hiyo naitazama kwa mashaka. Isiolo ulipata uwanja wake wa kimataifa mwaka 2017, wenye njia ya kurukia ya kilomita 1.4, isiyoweza kupokea ndege ya masafa ikiwa na mzigo wake. Jengo ni zuri na abiria ni haba. Ndege ya A321XLR iliyojaa ina uzito wa tani 101. Ni chini ya nusu ya 787, lakini bado ni mara tatu ya ndege za pangaboi zinazotua Manda. Kuijengea Lamu njia ya kuipokea kungegharimu ardhi ambayo umiliki wake katika visiwa hivi umeleta ugomvi wa kutosha, na kungeuletea mji uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2001 umati ambao maji yake na vichochoro vyake haviwezi kuuhimili.

Lamu inachohitaji ni kitu kidogo na rahisi zaidi. Mombasa iko kilomita 250 hivi kutoka hapa kwa anga, mwendo wa chini ya saa moja kwa ndege ya viti 78 kama zile za Dash 8 ambazo Jambojet ilianza kuzileta Manda mwaka 2021. Ndege ya Ghuba ikitua Mombasa asubuhi, ya Lamu na iondoke kabla ya adhuhuri, tiketi iwe moja, na mzigo upite bila mwenyewe kuukimbilia. Ratiba ya namna hiyo haihitaji saruji. Yahitaji watu wa mashirika mawili na wa mamlaka ya viwanja wakae meza moja na saa zao mkononi. Kabla hatujaondoka, yule nahodha aliuliza kama ni kweli kwamba mpwa wake aliyeko Muscat analazimika kupitia Nairobi ili aje kuwaona. Nikamwambia ndivyo alivyofanya mara ya mwisho. Akatazama maji ya Ras Kitau, akauliza tena nauli ilikuwa kiasi gani, nami nilipomtajia akaendelea kukunja kamba yake.